Sauti Mbili Katika Kanda Moja

Muhula uliopita wenzangu wa bweni waliniona mara nyingi nikitoka maabara ya Fizikia nimebeba kasha jeusi la plastiki, nao wakaniuliza kama nimeanza biashara ya sinema. Siyo biashara. Mhariri ameniomba niandike niliyojifunza, nami nayaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, somo la sumaku na umeme tunalofundishwa darasani lina kazi kubwa nje ya darasa. Ya pili, naamini kwamba katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zimo kanda za video zinazongoja kutupwa jalalani, na baadhi yake zina sauti ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani.

KANDA ZA BABU

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kibanda cha video huko Tukuyu katika miaka ya 1990. Msomaji wa leo huenda asijue kibanda kilikuwa kitu gani kwa watu wa zamani zile. Vituo vya kwanza vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa mwaka 2000. Kabla ya hapo, na hata baadaye katika sehemu za mbali, mtu aliyetaka kutazama sinema alilipa kiingilio, akaketi juu ya benchi katika chumba chenye giza, mbele ya televisheni moja na deki moja.

Sinema zilikuwa za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani, na watazamaji wengi hawakujua lugha zake. Basi wakatokea wasimulizi. Aliyejulikana zaidi nchini ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu. Msimulizi hatafsiri tu. Hueleza, huonya, hufanya mzaha, na huleta mambo ya nchi ya mbali yakawa mambo ya nyumbani. Babu yangu hakujulikana nje ya Rungwe, lakini kazi yake ilikuwa hiyo hiyo.

Sinema aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Sholay, ya mwongozaji Ramesh Sippy, iliyotoka mwaka 1975. Alikuwa nayo katika kanda mbili za kununua zilizotoka ng'ambo. Deki yake ya zamani ilikuwa na tundu la maikrofoni na kitufe cha kuingizia sauti mpya bila ya kugusa picha. Kanda za kununua hazina kile kijipande cha plastiki cha nyuma kinachoruhusu kurekodi, kwa hiyo Babu aliziba pengo lake kwa karatasi ya gundi, akaketi na maikrofoni, akasimulia sinema nzima kwa Kiswahili. Bibi alimwuliza, "Sasa sauti za Wahindi zimekwenda wapi?" Akamjibu, "Nimezifuta. Mimi natosha."

Babu alifariki mwaka 2011, nami nilikuwa na umri wa miaka mitatu. Siikumbuki sauti yake. Haikurekodiwa mahali pengine, wala simu zetu za wakati ule hazikuwa za kurekodi. Zilibaki kanda zile mbili, juu ya kabati la Bibi, nayo deki iliharibika zamani.

JINSI SAUTI ILIVYOPOTEA

Likizo ya Desemba 2024 mama aliamua kumpa Bibi zawadi. Tulipeleka kanda katika studio moja mjini Mbeya ili zihamishiwe katika flashi. Ile ya pili waliikataa kwa sababu ilikuwa na ukungu mweupe. Ya kwanza walituhamishia. Tulirudi Tukuyu, jirani akaleta televisheni yake, ndugu wakakusanyika sebuleni. Picha ilitoka vizuri. Sauti nayo ilitoka vizuri kupita kiasi: muziki, treni, farasi, na watu wakisema Kihindi. Sauti ya Babu haikuwamo hata neno moja.

Bibi hakulalamika. Alisema, "Basi na hii nayo imekwenda," akainuka akaenda jikoni. Mama alidhani studio wamebadilisha kanda yetu kwa nyingine. Mimi sikuweza kulala. Kama Babu alifuta sauti za Wahindi, zimerudije? Na kama kanda ni ile ile, yeye yuko wapi?

Jibu nililipata shuleni mwezi wa Januari, kwa msaada wa mwalimu wetu wa Fizikia. Nitalieleza polepole, maana ndilo kiini cha makala haya.

SAUTI HUKAAJE KATIKA KANDA

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni hugeuza mtetemo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukipitishwa katika waya uliozungushwa juu ya kipande cha chuma, chuma hicho huwa sumaku, nguvu yake ikipanda na kushuka vile vile. Hicho ndicho kichwa cha kurekodi. Kanda nayo ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma chenye kutu. Utepe ukipita mbele ya kichwa, chembe za unga hugeuzwa kuwa sumaku ndogo ndogo na hubaki hivyo. Wakati wa kusikiliza, kazi hugeuka: sumaku za utepe zapita mbele ya kichwa na kuzaa umeme katika waya, kama Faraday alivyoonyesha mwaka 1831.

Kanda ya VHS, ambayo kampuni ya JVC iliitoa Japani mwaka 1976, ina utepe wa upana wa milimita 12.7. Katika ukingo wa juu upo mstari mwembamba wa kadiri ya milimita 1. Huo ndio njia ya sauti ya kale, nami nitaiita njia ya ukingoni. Chini yake, katikati ya utepe, imeandikwa picha kwa mistari ya mshazari. Ukingo wa chini una alama za kuongoza mwendo.

Sasa tazama udhaifu wa njia ya ukingoni. Katika mashine za kwetu utepe huenda milimita 23.39 tu kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa kaseti ya muziki, ambayo huenda milimita 47.6. Darasani tumejifunza kwamba mwendo wa wimbi ni sawa na idadi ya mitetemo kwa sekunde mara urefu wa wimbi. Basi mlio wa mitetemo 10,000 kwa sekunde huandikwa juu ya utepe kwa urefu wa 23.39 kugawanya kwa 10,000, yaani milimita 0.0023. Ni mwandiko mdogo mno, na milio mikali zaidi ya hapo haiandikiki vizuri. Ndiyo maana kanda za zamani husikika kana kwamba msemaji amefunikwa blanketi.

Picha haina shida hiyo, kwa kuwa vichwa vyake vimefungwa katika ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, nayo huzunguka mara 25 kwa sekunde. Mzingo wa ngoma ni milimita 195 hivi. Zidisha kwa 25, utaona kwamba kichwa hukata utepe kwa mwendo wa karibu mita 4.9 kwa sekunde, zaidi ya mara 200 ya mwendo wa utepe wenyewe.

Katika miaka ya 1980 mafundi wa Japani walijiuliza: kwa nini sauti nayo isipande ngoma hiyo? Wakaongeza vichwa vya sauti ndani ya ngoma. Kichwa cha sauti hutangulia na kuandika kwa kina katika unga wa utepe. Mara hiyo hiyo kichwa cha picha hufuata, kikiandika juu juu, mahali pale pale. Ni kama ukuta uliopakwa rangi mara mbili, isipokuwa hapa rangi ya chini yasomeka bado, kwa kuwa vichwa vya sauti na vya picha vimeinamishwa kwa pembe mbalimbali, na kila kimoja hakisikii vizuri maandishi ya mwenziwe. Njia hii nitaiita njia ya chini ya picha. Sauti yake ni safi sana, kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde.

Hapa ndipo fumbo la Babu lilipofumbuliwa. Kitufe chake cha kuingiza sauti kilifuta na kuandika upya njia ya ukingoni peke yake. Njia ya chini ya picha haiwezi kufutwa bila ya kufuta picha yenyewe. Kanda za Babu zilikuwa na njia zote mbili, bali deki yake ya kale ilijua ya ukingoni tu. Kwa hiyo alidhani amewafuta Wahindi, kumbe walikuwa wamekaa chini ya miguu yake miaka yote ile, wakisema maneno yao bila ya kusikiwa. Nayo mashine ya studio ilikuwa ya kisasa zaidi. Mashine za aina hiyo zikiona kwamba njia ya chini ya picha ina sauti, huichagua zenyewe na kuiacha ya ukingoni.

Babu hakupotea. Hakuna aliyemfungulia mlango.

KAZI ILIYOFANYIKA IRINGA

Kuijua sababu ni jambo moja, na kupata mashine ni jambo lingine. Deki za VHS hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho kuziunda, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Zilizobaki ni zile zilizo mikononi mwa watu, na vipuri hupatikana kwa kuvunja mashine nyingine.

Mwalimu alinipeleka kwa fundi redio mmoja, mzee wa makamo, hapa Iringa mjini. Nilimwamkia, "Kamwene, Mzee." Akacheka kusikia Kihehe cha Mnyakyusa. Alikuwa na deki yenye swichi ya kuchagua njia ya sauti, akaniambia, "Deki ninayo, mwanangu, lakini kanda yenye ukungu haiingii humu. Ukungu huo utakwenda kwenye vichwa, na kutoka vichwa utakwenda kwenye kanda za watu wengine."

Tukuyu, kama tujuavyo, ni mahali pa mvua nyingi, na unyevu ni adui wa kanda. Ukungu hula gundi inayoshika unga wa chuma. Mwalimu aliniruhusu kuziweka kanda katika sanduku la maabara lenye vidonge vya silika, vinavyofyonza unyevu. Baada ya miezi miwili ukungu ulikuwa umekauka. Tukaenda nje penye hewa, tukafunga pua na mdomo kwa barakoa, tukazungusha gurudumu la kanda kwa mkono, utepe ukipita taratibu katikati ya kitambaa laini kikavu. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi mbili.

Mwezi wa Aprili 2025 fundi aliiingiza kanda ya kwanza. Alisogeza swichi kwenye njia ya ukingoni. Tulisikia mngurumo, kisha sauti ya mtu, lakini kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Fundi hakushangaa. Alifungua kifuniko, akachukua bisibisi ndogo, akaeleza kwamba kichwa cha sauti cha deki ya Babu kiliinama kidogo tofauti na cha deki yake, hivyo mwandiko na msomaji havikusimama wima pamoja. Akageuza skrubu kwa unywele, akasikiliza, akageuza tena. "Sikiliza herufi ya S," aliniambia. "Ikikata kama kisu, tumefika."

Ikakata. Kwa mara ya kwanza katika akili yangu nilimsikia babu yangu, naye alikuwa akisema hivi: "Treni hii imetoka Makambako, mabibi na mabwana, imejaa makaa na majambazi."

Makambako! Treni ile ya sinema yapita katika milima ya India, lakini Babu aliipandisha reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka ule ule wa 1975. Gabbar Singh, yule jambazi aliyeigizwa na Amjad Khan, alijificha katika milima ya Uporoto. Basanti, mwenye gari la farasi, aliuza ndizi Kiwira. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kuwa machozi yalinitoka mbele ya fundi. Yeye alijifanya anatafuta pamba ya kusafishia vichwa.

KOSA LANGU

Tulipitisha kila kanda mara mbili: mara ya kwanza kwa njia ya chini ya picha, mara ya pili kwa njia ya ukingoni. Ipo swichi ya kuchanganya njia zote mbili kwa mara moja, lakini fundi aliikataza. Sauti mbili zikichanganywa wakati wa kurekodi hazitenganishiki tena, kama vile chai na maziwa.

Sauti tuliihifadhi katika kompyuta bila ya kuibana. Kompyuta hupima umeme wa sauti mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 3. Kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, ni baiti 288,000 kwa sekunde, yaani kadiri ya gigabaiti 1 kwa saa moja. Ni nafasi kubwa, lakini faili zilizobanwa hutupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi. Nakala ya kubana ni ya kusikiliza katika simu. Haifai kuwa nakala ya kuwekwa akiba.

Hapo nikaona niwe mjuzi zaidi. Nilikuwa nimesoma kwamba sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, bali video ya kwetu huonyesha picha 25. Kwa hiyo sinema ikihamishiwa kwenye kanda hukimbia. Sholay ya mwaka 1975, yenye dakika 198, kwenye kanda huchukua dakika 190, na sauti zote hupanda kidogo. Mtu atakaye sauti halisi ya sinema yampasa kuipunguza mwendo kwa 24 juu ya 25. Nikafanya hivyo kwa njia zote mbili, nikaridhika na nafsi yangu.

Likizo ya Juni nilikwenda Tukuyu. Nilimwamkia Bibi, nikamwekea sauti masikioni bila ya kumweleza kitu. Alisikiliza kitambo. Akasema, "Mjukuu wangu, huyu ni nani?"

"Ni Babu."

"Siye. Maneno ni yake. Lakini huyu ni mtu mzito aliyeamshwa usingizini. Babu yako hakusema hivi."

Niliumia, kisha nikatafakari, nikaona kwamba Bibi ni mwanafizikia kunipita. Sauti za waigizaji zilipandishwa wakati sinema ilipohamishiwa kwenye kanda, kwa hiyo kuzishusha ni kuzirudisha kwao. Lakini Babu hakuwa katika sinema. Yeye alisema mbele ya deki, saa ile kanda ikienda mwendo wake wa kawaida. Sauti yake haikupandishwa na mtu. Mimi ndiye niliyeishusha! Sauti mbili zilizokaa katika utepe mmoja zilikuwa na historia mbili, na dawa ya mmoja ilikuwa sumu kwa mwingine.

Ile nakala halisi nilikuwa nayo, haikuguswa. Nilimwekea hiyo. Bibi hakusema neno. Alivishika visikilizio kwa mikono miwili mpaka kanda ya kwanza ilipokwisha, na Babu alipowaaga watazamaji kwa "ndaga fijo", yeye akamwitikia kwa sauti, jikoni wakamsikia.

SAUTI YA ASILI NI IPI?

Jambo hili limenifunza kwamba "sauti ya asili" si neno jepesi. Watu wengi wadhani kwamba sinema ikitolewa tena katika chombo kipya huwa ni ile ile. Sivyo. Vertigo ya Alfred Hitchcock ilitoka mwaka 1958. Ilipokarabatiwa mwaka 1996, milio mingi ilirekodiwa upya. Aliyetaka kusikia kile walichosikia watazamaji wa mwanzo ilimbidi atafute nakala za nyuma. Kanda ya kizamani, hata kama picha yake ni hafifu, yaweza kuwa shahidi pekee.

Sholay yenyewe ni mfano. Wakaguzi wa India waliagiza mwisho wake ubadilishwe kabla ya kuonyeshwa mwaka 1975, polisi wakatokea na kumzuia Thakur asimwue Gabbar. Mwisho wa kwanza, ambamo Thakur anamwua kwa viatu vyake vya misumari, ulibaki ukizunguka katika kanda za video za majumbani. Mwezi Juni 2025 sinema hiyo ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa imekarabatiwa, na mwisho wake wa kwanza umerudishwa. Kanda ya pili ya Babu ina mwisho huo wa kwanza. Kwa miaka mingi wajomba zangu waliiona katika televisheni yenye polisi, wakambishia Bibi kwamba amezeeka na kusahau. Sasa wamenyamaza.

Hata nchi yetu ina hasara za namna hii tangu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mpango wa kutengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Latham na Notcutt. Picha zilikuwa katika filamu, na sauti katika sahani za santuri peke yake, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kimojawapo. Zilitengenezwa sinema 35, na zilizosalia zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Picha na sauti zikiishi nyumba mbili, ni rahisi moja kuhama na nyingine kubaki.

Na sinema zetu wenyewe? Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni ya Kiswahili. Nsyuka ya Mussa Banzi, ya mwaka 2003, ina jina la Kinyakyusa, lugha ya Bibi yangu. Katika miaka ile sinema za Kiswahili ziliuzwa mitaani kwa kanda za VHS. Yafaa tujiulize ni ngapi zimehifadhiwa vizuri, na sauti yake ikoje. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha walitangaza kwamba kanda za sumaku zisipohamishwa kufikia mwaka 2025, nyingi hazitahamishika tena, kwa uhaba wa mashine na mafundi. Ndio mwaka ule ule tuliohamisha kanda za Babu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa mwenzangu atakayekuta kanda nyumbani likizo hii, naandika yafuatayo:

1. Usiijaribu katika deki kabla ya kuitazama. Ukiona vumbi jeupe dirishani mwa kanda, ikaushe kwanza, nawe ujikinge pua.

2. Kama kile kijipande cha plastiki cha nyuma kipo, kivunje, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kama kuna karatasi ya gundi, ibandue, lakini andika kwamba ilikuwapo. Kwetu ilikuwa dalili kwamba Babu aliingiza sauti.

3. Isimamishe kama kitabu, mahali pakavu penye baridi ya kiasi, mbali na spika na sumaku nyingine.

4. Mwulize fundi, "Mashine yako yasoma njia ngapi za sauti?" Sikiliza kila njia peke yake, hata ukiambiwa kwamba ni tupu.

5. Weka nakala isiyobanwa na isiyorekebishwa. Marekebisho yafanywe katika nakala nyingine. Kama ningalifuta ile ya kwanza, ningalimzika Babu mara ya pili.

6. Nakala ziwe zaidi ya moja, katika nyumba zaidi ya moja. Kanda yenyewe usiitupe.

7. Kuhifadhi si kuuza. Sinema ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yawalinda. Nakala yetu ni ya nyumbani.

8. Mtafute mtu aliyeijua sauti ile, umsikilizishe. Kompyuta yangu haikugundua kosa. Bibi aligundua.

Mwishowe nilitengeneza nakala ya tatu, ambayo Babu mwenyewe hakuwahi kuisikia. Niliwaweka Wahindi chini na Babu juu, wote kwa mwendo wa kanda. Ipo sehemu ya jioni, Jai amekaa nje akipiga kinanda cha mdomo, na mjane anazima taa moja baada ya moja. Babu hakuwa na muziki wa kuwapa watazamaji wake, kwa kuwa aliamini ameufuta, basi mahali hapo aliacha kusimulia akapiga mluzi wa wimbo ule. Sasa kinanda na mluzi vyasikika pamoja. Babu ametangulia kidogo. Mwalimu alinishauri nimsogeze nyuma sekunde moja ili walingane, na kompyuta yaweza kufanya hivyo bila taabu.

Nilimwuliza Bibi. Alisema nimwache alivyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne